Mita 100 zinaingia karibu tundu moja, mita 500 zinaachana juu-chini: lawama ni ya risasi?

#1 Mlengaji_Misungwi
Wakuu, salaam. Wajuvi wa shabaha za mbali naomba mnisaidie, jambo hili limenikalia kichwani.

Nina bunduki ya .308 ya kukoki kwa mkono, yenye leseni, na napigia kwenye uwanja wenye kibali huku kwetu Misungwi. Risasi ni za kiwandani, kichwa cha grein 168 (kama gramu 11), maboksi yote nilinunua kwa mpigo. Mita 100 risasi tatu zinakaa ndani ya sentimita 2. Nikisogea mita 500, kushoto-kulia naridhika, lakini juu-chini risasi tano zinaachana hadi sentimita 25. Kwa hesabu ya kawaida sentimita 2 za mita 100 zilitakiwa ziwe 10 tu kwa mita 500. Hizo 15 za ziada zinatoka wapi?

Jamaa mmoja alikuja na mashine ya kupima kasi, akanipimia tano. Mita kwa sekunde: 803, 797, 808, 799, 801.

Dai langu ni kwamba risasi hizi hazilingani, na anayeamini kundi la mita 100 linatosha kuzipima hajafika mbali. Anayepinga aje na hoja.

#2 Ngoja_Waje
Naweka kambi hapa. Mada kama hizi ni adimu.

#3 Sangara_wa_Mwaloni
Sentimita 25 kwa mita 500 unalalamika? Swala bado kalala huyo kaka. Chukua nyama urudi nyumbani.

#4 Mzee_Pasiansi
@Sangara_wa_Mwaloni hapana mwanangu. Nimefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori mpaka kustaafu. Mahali pa moyo na mapafu kwa swala pala ni padogo kuliko huo mtawanyo, kwa hiyo risasi moja itaua na nyingine itaingia tumboni, na mnyama wa tumboni mtamtafuta mpaka giza liingie. Mita 500 ni ya ubao. Mnyama msogelee.

Sasa kwa mwenye uzi. Kabla hujalaumu kiwanda, mtazame aliyelala nyuma ya kitako. Pumzi ndiyo inayopeleka mtutu juu na chini. Anayefyatua mapafu yakiwa nusu, halafu inayofuata yakiwa matupu, atapata mstari wa kusimama kama huo wako. Na mita 100 hautauona vizuri, kwa kuwa hapo unapiga umetulia, na mita 500 unapiga ukiwa na hamu.

#5 Msimamizi_Jukwaa
Uzi unaruhusiwa. Angalizo moja tu: hapa nchini kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Zungumzeni upimaji, takwimu, upepo, chochote. Vipimo vya baruti visiwekwe humu. Nitafuta.

#6 Kijana_Buzuruga
Shikamoo Mzee. Nimepiga hesabu ya zile tano za post #1. Wastani 801.6, mchepuko sanifu, yaani kasi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, 3.8. Hiyo kwa risasi za kiwandani si mbaya hata kidogo, kwa hiyo nampinga mleta mada.

#7 Mwl_Nyakato
@Kijana_Buzuruga wastani uko sawa. Mchepuko umegawanya kwa 5; kwa sampuli unagawanya kwa 4. Jumla ya miraba ni 71.2, ukigawa kwa 4 unapata 17.8, kipeo chake ni 4.2.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba 4.2 iliyotokana na risasi tano haikuambii mengi. Kwa uhakika wa asilimia 95, mchepuko halisi wa maboksi hayo unaweza kuwa popote kati ya 2.5 na 12. Yaani hizo tano zinakubaliana na risasi bora za mashindano na zinakubaliana vilevile na risasi mbovu. Ukipiga 10, mipaka inakuwa kama 0.7 hadi 1.8 ya ulichopata. Ukipiga 30, kama 0.8 hadi 1.3. Hapo ndipo mtu aanze kuongea.

Na tofauti ya juu na chini, ambayo kwake ni 11, hukua kadiri unavyoongeza risasi. Nenda Mwaloni, chota sangara watatu kwenye tenga uwapime. Huwezi kusema umeshajua mkubwa na mdogo wa tenga zima. Ukichota ishirini pengo litapanuka, na sangara ni walewale. Kwa risasi, tano kwa wastani hutoa pengo la mara 2.3 ya mchepuko, kumi mara 3.1, ishirini mara 3.7. Mtu akikwambia "risasi zangu zinapishana mita 6 kwa sekunde tu", muulize amepiga ngapi.

#8 Sangara_wa_Mwaloni
Mwalimu umegusa bidhaa yangu. Tenga likifika nitakuita uje upime wote.

#9 Mlengaji_Misungwi
Mwl asante. Kwa hiyo unaniunga mkono au unanipinga?

#10 Mwl_Nyakato
Sijafika huko. Twende na namba zako. Kwa mita 500, risasi ya aina yako inashuka takriban mita 2.5 kutoka mstari wa mtutu. Kasi ikibadilika asilimia 1, mshuko unabadilika kama asilimia 2. Pengo lako la 11 juu ya 801 ni kama asilimia 1.4, kwa hiyo mshuko unabadilika karibu sentimita 7.

Kwa mita 100 mshuko mzima ni sentimita 8 hivi. Pengo lilelile la kasi linakupa milimita 2 tu. Hapo umesema kweli: kundi la mita 100 haliwezi kukuonyesha tofauti ya kasi, milimita 2 zinapotelea ndani ya tundu.

Lakini 10 za pembe (zile 2 zako za mita 100 zikikuzwa mara tano) na 7 za kasi hazijumlishwi zikawa 17, maana si lazima zitokee upande mmoja kwa pamoja. Unajumlisha miraba: 100 na 49, kipeo chake 12. Wewe unaona 25. Nusu nzima haijaelezwa na kasi.

#11 Fundi_Igoma
Nusu hiyo niachieni mimi. Ni fundi wa kukereza vyuma, na wenye leseni huniletea vitako vya mbao kuvitengeneza. Kagua mambo mawili. La kwanza, pitisha noti kati ya mtutu na kitako kutoka mbele kurudi nyuma. Ikikwama mahali, mtutu unagusa mbao. Mtutu unaogusa mbao ukipata moto unasukumwa, na mara nyingi unasukumwa juu kwa sababu mbao iko chini yake. La pili, skrubu za kitako na za kushikilia darubini. Skrubu iliyolegea nusu mzunguko haionekani kwa risasi tatu za mita 100.

Mbao za huku kwetu kandokando ya ziwa hazitulii. Masika zinavimba, kiangazi zinarudi.

#12 Mlengaji_Misungwi
@Fundi_Igoma kitako changu ni cha plastiki ngumu. Noti inapita mpaka karibu na chemba.

#13 Fundi_Igoma
"Karibu na" si "mpaka". Na plastiki laini inapinda ukiilalia miguu ya mbele ya bunduki. Nitakuja na hoja zaidi.

#14 Binti_Ukerewe
Habari zenu. Mimi natoka upande wa bunduki ndogo za .22, mita 50, nilijifunzia nje ya nchi nikiwa masomoni. Nashangaa hamjauliza swali la kwanza kabisa: namba ya bechi, yaani toleo la kiwandani, kwenye maboksi ni moja? Kununua kwa mpigo si sawa na bechi moja. Muuzaji anaweza kukupa boksi mbili za bechi mbili kutoka rafu ileile.

Kwa wenzetu wa .22 bechi ndiyo kila kitu. Kiwanda cha Eley huko Birmingham Uingereza, na cha Lapua kule Schönebeck Ujerumani, vina vyumba maalumu vya majaribio. Unapeleka bunduki yako, inabanwa kwenye jiliwa, wanapiga bechi moja baada ya nyingine kwa mita 50, na unanunua ile iliyokubaliana na mtutu wako. Duara la kumi pale lina kipenyo cha milimita 10.4, kwa hiyo mtu hawezi kubahatisha. Na bechi inayopendwa na mtutu wangu inaweza kukataliwa na wako, hata bunduki ziwe za muundo mmoja.

Kwa hiyo swali la "risasi nzuri au mbaya" mimi naliona pungufu. Nzuri kwa mtutu upi?

#15 Mzee_Pasiansi
Binti umeongea vizuri sana. Na jiliwa linamwondoa mpigaji, jambo ninalolisema tangu #4.

#16 Mlengaji_Misungwi
Nimekagua maboksi. Namba ni moja kwa yote isipokuwa boksi moja. Hilo sikumbuki nilipigia wapi.

#17 Ngoja_Waje
Hapo sasa.

#18 Msukuma_Texas
Wabeja wote mnaoandika. Nilizaliwa Magu, sasa niko Marekani, na huku kutengeneza risasi zako mwenyewe ni halali na kawaida. Sitaweka vipimo, msimamizi usihofu.

Huku kuna njia ya zamani inayohusishwa na Creighton Audette, watu huiita ngazi. Unapiga risasi zenye baruti inayoongezeka kidogo kidogo, moja moja, kwa shabaha ya mbali, kisha unatafuta mahali ambapo kadhaa zimeangukia kimo kimoja ingawa kasi zinatofautiana. Dan Newberry naye alikuja na njia yake ya kutafuta kiasi ambacho hakijali tofauti ndogo. Wazo lililo nyuma yake ni mtetemo wa mtutu. Risasi ikipita ndani, mtutu unayumba juu-chini. Ikitoka mtutu ukiwa njiani kupanda, risasi ya polepole, ambayo inachelewa kutoka, inatoka mtutu ukiwa umeelekea juu kidogo, na hiyo inafidia mshuko wake. Ukiikosa bahati hiyo, mtutu unashuka na kosa linaongezeka.

Kwa hiyo Mwalimu, ile nusu yako isiyoelezwa inaweza kuwa hapa. Kasi inachangia 7 kwa hesabu ya mshuko, halafu mtetemo unaiongezea.

#19 Mzee_Pasiansi
Hili la Msukuma wazee walilijua bila mashine. .303 za Lee-Enfield tulizoanza nazo kazi zilikuwa na sifa hiyo: karibu hazikuvutia, mbali zikawa zinakusanya. Wakufunzi wetu walisema mtutu wake "unacheza vizuri".

#20 Mwl_Nyakato
@Msukuma_Texas nadharia ya mtetemo siikatai, mtutu unatetemeka kweli. Ninachokataa ni ushahidi wa risasi moja moja. Ukipiga kumi moja moja na kila moja ina mtawanyo wake, ni lazima tatu jirani zitakutana kimo kimoja mahali fulani. Rudia ngazi hiyohiyo kesho, hazitakutana palepale. Ikijirudia mahali pamoja mara kadhaa, nitakuamini.

#21 Msukuma_Texas
Mwalimu, wanaoshinda mashindano ya yadi 1,000 wanaitumia na wanashinda.

#22 Mwl_Nyakato
Wanaoshinda wana mitutu bora, vichwa vilivyochaguliwa na mazoezi ya miaka. Ondoa ngazi uone kama wataacha kushinda.

#23 Msukuma_Texas
Tutabishana mpaka Jumapili. Niulize lingine: ile mashine ya kasi ilikuwa aina gani? Kama ni MagnetoSpeed, ile inafungwa kwenye mtutu wenyewe na inabadilisha mahali risasi inapopiga. Za zamani za macho ya mwanga zinadanganywa na wingu likipita. Siku hizi watu wana rada ndogo, LabRadar au Garmin Xero, haigusi bunduki.

#24 Mlengaji_Misungwi
Ilikuwa rada, pembeni ya meza. Haikugusa kitu.

#25 Sangara_wa_Mwaloni
Wote mmesahau ziwa. Mchana hewa inatoka majini ikiwa na unyevu, nzito. Risasi ikipita kwenye hewa nzito inabanwa na kushuka. Asubuhi hewa ni kavu na nyepesi.

#26 Kijana_Buzuruga
Kaka hapo ni kinyume. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu kwa joto na shinikizo lilelile. Molekuli ya maji uzito wake ni 18, ya hewa kavu kwa wastani ni kama 29. Mvuke ukiingia unaondoa iliyo nzito. Na athari yenyewe kwa mita 500 ni ndogo mno, haifiki hata kipenyo cha risasi.

#27 Mwl_Nyakato
Safi kabisa kijana.

#28 Tanga_hadi_Bugando
Mimi nilihamia Mwanza nikitokea Tanga, bunduki nikaja nayo na vibali vyake. Risasi za mbali zilianza kupiga juu. Huku tuko mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyembamba. Mleta mada aangalie hilo.

#29 Binti_Ukerewe
Uso wa ziwa ni mita 1,134 hivi, mji uko juu yake kidogo. Ni kweli hewa ya huku ni nyembamba kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na risasi inapiga juu zaidi. Lakini inapiga juu *zote*. Hilo linahamisha kundi zima, halilitawanyi. Mwenzetu analalamika mtawanyo. Hayo mambo mawili yakichanganywa mtu anaweza kuzungusha vitufe vya darubini mwaka mzima.

#30 Msukuma_Texas
Ziwa lakini lisitupwe. @Sangara_wa_Mwaloni umekosea kuhusu unyevu, ila upepo wa ziwa ni hoja nzito kuliko mnavyodhani. Watu wanafikiri upepo wa pembeni unapeleka risasi pembeni tu. Mtutu wenye michirizi inayozunguka kulia, kama ya .308 nyingi, ukipata upepo kutoka kulia risasi inaenda kushoto *na juu*. Upepo ukitoka kushoto, inaenda kulia na chini. Ni sentimita chache, lakini ni juu-chini. Sasa fikiria uwanja ambao asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani na baadaye unageuka.

Uwanja wako umeelekea wapi?

#31 Mlengaji_Misungwi
Napiga kuelekea kusini. Ziwa liko kulia kwangu. Ni kweli mpaka saa 3 au 4 asubuhi upepo unakuwa umegeuka.

#32 Fundi_Igoma
Na mawe? Kati yako na shabaha kuna mawe ya huku kwetu?

#33 Mlengaji_Misungwi
Mawe tele. Shabaha iko chini ya kilima cha mawe.

#34 Fundi_Igoma
Basi ongeza hili. Mawe yale yakipigwa jua yanatoa mawimbi ya joto, na kwenye darubini shabaha inachemka na kuelea, haionekani palepale ilipo. Unalenga kivuli chake. Wingu likipita, inarudi mahali pake. Mita 100 huoni kitu.

#35 Mzee_Pasiansi
Fundi leo umekuwa mwanafunzi wangu. Ndiyo maana tulikuwa tunapiga alfajiri.

#36 Afisa_Maduhu
Nimechelewa, nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza risasi zinakaa wapi kabla ya kupigwa. Baruti ikipata joto inaungua kwa kasi zaidi. Zipo baruti zinazobadilika karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na zipo zilizotengenezwa zisibadilike sana. Boksi likiwa juani juu ya meza, za juu zina moto na za chini ni baridi. Na kuna ile ya kuingiza risasi kwenye chemba yenye moto halafu unasubiri upepo utulie. Dakika moja humo, baruti imeshapata joto ambalo jirani yake haina.

Mnaolaumu mtutu na upepo, kwanza weka risasi kivulini, ingiza, fyatua ndani ya muda uleule kila mara.

#37 Mlengaji_Misungwi
Hilo la kusubiri ndani ya chemba nalifanya sana, maana nasubiri kibendera kilegee.

#38 Mwl_Nyakato
Tuache kubahatisha. Maelezo yamekuwa mengi na yote yana mantiki, kwa hiyo tutafute jaribio linaloyatenganisha. Napendekeza risasi 20 kwa mita 500, bechi moja, na kwa kila risasi andika mambo manne: kasi yake, kimo ilipopiga, saa, na kibendera kimeelekea wapi. Kisha chora nukta, kasi mlalo, kimo wima. Kama za kasi ziko juu na za polepole chini, ni kasi. Kama nukta zimetapakaa bila mpango, kasi haina hatia.

#39 Mzee_Pasiansi
Nusu apige mtu mwingine.

#40 Binti_Ukerewe
Na wapokezane, mmoja moja, au tano tano. Wasipige kumi kwanza na kumi baadaye, mtachanganya mpigaji na upepo.

#41 Fundi_Igoma
Na mtutu upoe kati ya tano na tano. Risasi ya kwanza ya mtutu baridi, hasa uliotoka kusafishwa kwa mafuta, iandikwe pembeni. Huwa na tabia yake.

#42 Msukuma_Texas
Mwalimu, kama mtutu unafidia kasi kama nilivyosema #18, nukta zako zitatapakaa ingawa kasi ina kosa. Jaribio lako halitaniona.

#43 Mwl_Nyakato
Kama mtutu unafidia, mtawanyo ungepungua. Huyu mtawanyo umezidi. Huwezi kula huku na huku ndugu yangu.

#44 Mvuvi_Sengerema
Rada ninayo, naweza kuileta. Siku hizi ni kupita Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 umeshafika Kigongo. Zamani ningewaambia msubiri kivuko.

#45 Sangara_wa_Mwaloni
Daraja limetuua sisi wauza mahindi ya kuchoma pale kivukoni. Shemeji yangu kahama kabisa.

#46 Tanga_hadi_Bugando
Kahamia wapi? Mahindi yake yalikuwa matamu.

#47 Sangara_wa_Mwaloni
Usagara, njia panda.

#48 Msimamizi_Jukwaa
Rudini kwenye mada wakuu.

#49 Mlengaji_Misungwi
Wakuu, nimerudi na majibu. Wabeja @Mvuvi_Sengerema kwa rada. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa uwanjani, tukipokezana tano tano. Risasi 20 za bechi moja, zilikaa kivulini, ndani ya chemba hazikuzidi sekunde chache.

Kasi: pengo la juu na chini 17, mchepuko 4.6. Juu-chini kwa zote 20: sentimita 31. Zangu peke yake 29, za mwenzangu 27.

Nukta nimechora. Za kasi zinaelekea juu kidogo, lakini si kwa mstari wa kueleweka. Nne zilizopiga juu kabisa zilikuwa na kasi 806, 809, 796 na 799. Hizo mbili za mwisho zimenichosha kichwa.

#50 Kijana_Buzuruga
Pengo 17 kwa risasi 20. Mwalimu alisema #7 kwamba ishirini hutoa mara 3.7 ya mchepuko. 3.7 mara 4.6 ni 17. Imekaa!

#51 Mwl_Nyakato
Imekaa. Na 17 inaleta karibu sentimita 11 za mshuko. Pembe nayo tuihesabu upya: sentimita 2 za risasi tatu si sentimita 2 za risasi ishirini, kundi hukua. Kwa risasi kumi tu lingefika 3.2. Na @Mlengaji_Misungwi, zile sentimita 2 ni karatasi zako zote za mita 100, au zile ulizozihifadhi?

#52 Mlengaji_Misungwi
Ni zile nzuri nilizobandika ukutani.

#53 Mwl_Nyakato
Basi bunduki yako ya mita 100 hatujaijua bado. Huenda hakuna sentimita 15 za kutafuta. Huenda kundi la kweli la mita 100 ni 4 na zaidi, na kila kitu mita 500 kiko kama kinavyopaswa kuwa.

#54 Mzee_Pasiansi
Nakubali mpigaji si yote, wawili wamepata karibu sawa. Lakini wote wawili mmeegemea mfuko uleule wa mchanga. Mfuko laini mbele, bunduki inaruka tofauti kila mara. Jazeni upya.

#55 Binti_Ukerewe
Siamini maelezo ya Mwalimu yanatosha. Kama lingekuwa kundi kubwa tu, kushoto-kulia nako kungepanuka vilevile. Kushoto-kulia ilikuwa ngapi?

#56 Mlengaji_Misungwi
Kushoto-kulia 19. Na hapo upepo uligeuka katikati.

#57 Binti_Ukerewe
Basi ndiyo hiyo. 19 pamoja na upepo, 31 bila sababu. Kuna kitu kinachofanya kazi wima peke yake. Sijui kama ni mfuko wa Mzee, mawe ya Fundi au mtetemo, ila si bahati ya takwimu.

#58 Mwl_Nyakato
Kasi nayo inafanya kazi wima peke yake dada. Ondoa 11 za kasi kwa miraba: 961 toa 121 ni 840, kipeo 29. Mh. Bado ni 29 dhidi ya 19. Hoja yako nzito.

#59 Msukuma_Texas
Zile mbili za juu, 796 na 799, zilipigwa kabla upepo haujageuka au baada?

#60 Mlengaji_Misungwi
Baada. Zote mbili, upepo ukitoka kulia.

#61 Msukuma_Texas
Rudini #30, upepo wa kulia.

#62 Afisa_Maduhu
Na baada ya kugeuka jua lilikuwa limeshapanda, na mawe yameshika moto. Hujui ni upepo au ni mawe ya Fundi, vimekuja saa moja.

#63 Fundi_Igoma
Pigeni kumi siku ya mawingu, upepo ukiwa uleule wa kutoka kulia. Na kabla ya hapo niletee hicho kitako Igoma, Jumamosi nipo mpaka saa 10 jioni. Uje na funguo zake za skrubu, zangu ni za saizi kubwa.